Kikono Chini ya Buibui

Kabla hujaniambia kamera yako ni ya Kijerumani au ya Kijapani, nioneshe mikono yako. Ndivyo ninavyowapokea vijana mnaonifuata siku hizi huku Mji wa Kale wa Mombasa, na najua mnacheka mkishatoka. Mmoja wenu alimwambia mwenzake pale ngazini, akidhani masikio yangu yamestaafu pamoja nami, "Huyu mzee ni fundi wa kamera au msoma viganja?"

Vyote viwili, mwanangu. Duka nimelifunga, lakini bado mnapanda hadi juu na kamera za babu zenu mlizozikuta kabatini, na mfukoni mna kikono mlichoagiza kwa simu kutoka ng'ambo. Mnataka nikifunge mkiwa mmesimama. Haya, kaeni. Nitawaeleza kwa nini nauliza mikono.

Kamera hizi za zamani, mkanda ukimalizika, ni lazima uuzungushe urudi ndani ya kikopo chake kabla hujafungua mgongo, la sivyo mwanga unakula picha zote. Nyingi zina kifundo cha kuzungushia, kiduara kifupi kinachoshikwa kwa kidole gumba na cha shahada. Unazungusha kidogo, unaachia, unashika tena, mpaka vidole vinawaka moto. Kikono ni kifaa cha ziada. Ni pete inayovishwa juu ya kifundo, na juu ya pete kuna kijimkono kinachokunjuka chenye kichwa cha kushikia. Ukishakikunjua unazungusha tu, kama cherehani ya mkono. Kwa maneno ni kitu chepesi. Mimi kimenichukua umri mzima, na bado mwishoni kilinishinda mara moja, nikafundishwa na mtu ambaye hajawahi kushika bisibisi.

Sikusoma sana. Niliacha shule darasa la sita nikateremka kutoka Kaloleni, si kwa kuwa sikupenda kujua mambo. Nilipenda kuyajua yote kwa mpigo, na mwalimu alitaka tuyajue kwa zamu. Nimesukuma mkokoteni Marikiti. Nimewaongoza wageni Ngome ya Yesu kwa historia niliyoisikia nusu, nusu nikaibuni. Na nimeokota vyuma Kibarani, enzi ile takataka za kisiwa kizima zilipokuwa zikimwagwa pale.

Huko Kibarani ndiko nilikookota kidude kimoja cheupe, kidogo kama kifuniko cha chupa ya soda, chenye mkono uliojikunja mgongoni mwake kama mguu wa panzi. Wenzangu walisema nikitupe kwenye gunia la vyuma kipimwe. Sikuweza. Ukikikunjua kilitoa mlio mdogo safi, na kitu kinacholia vile hakikutengenezwa na mtu mwenye haraka. Nikatembea nacho mjini nikiuliza. Fundi saa akasema si cha saa. Fundi cherehani akasema si cha cherehani, ila nikitaka atakinunua. Mwuza kahawa mmoja akaapa kwamba ni cha kufungulia makopo ya samaki. Mwishowe mtu akanielekeza kwa Fundi Kasamali.

Duka la Kasamali lilikuwa jembamba hivi kwamba mteja akiingia, mmoja kati ya waliomo ilimbidi atoke. Yeye alikuwa Muhindi wa hapa hapa, babu zake wamezikwa hapa, na Kiswahili chake kilikuwa cha Mvita kuliko changu. Alikipokea kile kidude, akakinusa.

"Umekitoa wapi?"

"Kibarani."

"Kibarani!" Akakipangusa kwa shati lake jeupe, jambo ambalo mkewe hakulipenda baadaye. Akateremsha kamera moja rafuni, akakivisha juu ya kifundo chake, kikakaa sawia. Akazungusha. Krrrrr. Akanitazama kana kwamba nimemletea habari za ndugu aliyepotea. "Ndoo, ndoo hapa uone. Mtu alikaa akafikiri vidole vya mwenziwe ambaye hamjui. Ndiyo kazi hii." Kisha akauliza, "Sasa wenda wapi?"

"Sina ninakokwenda, Mzee."

"Basi keti."

Nikaketi, ingawa sikutulia. Nilikwenda Tanga nikarudi. Nikaenda Lamu kupaka nyumba chokaa nikarudi. Nikapotea tena Voi nikitafuta kujua reli zinavyoungwa, nikarudi. Hakuniuliza hata mara moja nilikuwa wapi. Alisema tu, "Kikombe chako kiko pale pale. Kioshe, kina vumbi." Nimekutana na watu wengi wakarimu, lakini wengi wao walitaka kwanza maelezo.

Mambo aliyonifundisha siwezi kuyapanga, maana hakunifundisha kwa mpango. Alinifundisha kwa kunikataza. Nilitaka kukadiria kifundo kwa macho, akanipiga kidole. Kifundo hupimwa kwa ukanda wa karatasi. Unakizungushia, unatia alama kwa ukucha ncha zinapokutana, kisha unapeleka ule ukanda ndani ya pete. Ukicheza hata unywele, unajaza. Nilitaka kujaza kwa mpira, akacheka. Joto na chumvi ya hapa petu hula mpira, kaskazi moja tu na umekuwa uji. Jaza kwa ngozi nyembamba, ile ya ndani ya kiatu kilichochoka, kwa kuwa imeshazoea jasho. Nilitaka kutoboa kifundo nitie skrubu, kikono kisitoke tena maisha. Siku hiyo hakucheka.

"Kamera ni ya mtu, Kazungu. Weye unaivisha tu. Akitaka kuvua, ivuke, na isibaki na kovu."

Mara moja, kwa kujiamini, nilimfungia mpiga picha wa pale Ngome ya Yesu kikono kirefu, kizuri, kinachong'aa. Akarudi baada ya swala ya adhuhuri kanuna. Pete yangu ilikuwa pana mno, ikaziba mahali pa kuingizia taa ya kamera. Kasamali aliizungusha ile kamera mkononi, akanong'ona kwa huzuni ya kuigiza, "Maskini. Wamemvika kilemba, sasa hapiti mlangoni." Yule mpiga picha mwenyewe alicheka mpaka akasahau kunitukana.

Kasamali alipofariki aliniachia duka na bati moja la biskuti lililojaa vikono alivyovikusanya, kila kimoja kimefungwa kipande chake cha ngozi. Nikaendelea. Kamera za mkanda zikapungua, nikatengeneza redio, nikatengeneza saa, nikatengeneza hata feni. Lakini mteja mmoja wa mkanda hakukatika, naye ni Bi Rukia.

Vijana wa kiume, na hasa nyinyi mliokuja mjini juzi, hamjui kwa nini mwanamke wa makamo ya nyanya yenu bado anaishi kwa kamera ya mkanda wakati kila mtu ana simu. Nitawaambia. Siku ya kupamba, bi harusi akionyeshwa kwa wanawake wenziwe, ukumbini hamuingii mwanamume. Kina mama huvua mabuibui, hujipamba, hucheza. Simu hubaki mlangoni katika kikapu, na pana shangazi mkali anayekikalia kama kuku. Watu waliwahi kuumizwa na picha zilizotembea. Mkanda hautembei. Bi Rukia anapiga, anausafisha mwenyewe nyumbani kwake, picha nyeusi na nyeupe, anachapa, kisha mkanda wenyewe anaukabidhi mikononi mwa mama wa bibi harusi. Hana nakala. Nyumba nyingi za kisiwa hiki, mama, binti na mjukuu wote wamepigwa na jicho lake moja, na hakuna mwanamume aliyeona. Mimi nimeitunza kamera yake miaka yote sijapata kuona hata picha moja aliyoipiga ukumbini.

Siku moja, si zamani, alinipigia hodi mkono wa kulia ukiwa ndani ya mtandio.

"Sabalkheri, Kazungu."

"Sabalkheri, Bi. Mkono una nini?"

"Ngazi za kwangu zimenikumbusha kwamba mimi si msichana." Akautoa. Mfupa ulikuwa umeunga, lakini kidole gumba kilikuwa kimelala kama kisicho chake. Akaweka kamera mezani, akakishika kifundo na kujaribu kukizungusha. Vidole vikateleza. Akajaribu tena. Alikuwa akitabasamu, ila mdomo ulikuwa mkavu.

"Kupiga napiga," akasema. "Kurudisha mkanda ndiko siwezi. Na yule mjukuu wa Bi Mwanaisha aolewa mwezi ukiandama. Nyanyake nilimpiga, mamake nilimpiga. Nikishindwa harusi hii, wengine wataingia na simu, na mimi sirudi tena ukumbini. Sitamlaumu mtu."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nikafungua bati la Kasamali, nikachagua kikono kizuri kuliko vyote, kile kile cha Kibarani. Nikapima kwa karatasi, nikajaza ngozi, nikavisha. Mkono mrefu wa kile kikono ulizunguka kwa kusukumwa na kidole kimoja tu. Bi Rukia akaurudisha mkanda mtupu pale mezani, mara moja, bila kutumia gumba.

"Mashallah," akasema. "Ningekijua hiki nikiwa kijana ningekuwa na kucha."

Akaondoka, nami nikaoga sifa peke yangu. Niliziambia hata kuta za duka kwamba Kasamali angejivunia.

Haikupita wiki akarudi. Alikuwa amejaribu nyumbani kwa kuwapiga picha wajukuu zake, maana si mtu wa kwenda harusini na kifaa asichokijua. Aliweka kamera mezani bila salamu, na kwa mtu wa Mombasa hilo pekee ni habari mbaya.

"Kimegoma, nikasukuma, kikasikika kitu kikichanika. Sijafungua."

Nikaifungulia ndani ya mfuko wangu mweusi usiopitisha mwanga, nikipapasa. Mkanda ulikuwa umechanika matundu yake ya pembeni, yale yanayoshikwa na meno ya kamera, sehemu ndefu kabisa. Na kwenye shina la kikono, pale mkono unapoungana na pete, vidole vyangu viligusa kitu laini kilichojisokota. Nilipokitoa kwenye mwanga kilikuwa nyuzi nyeusi.

"Bi Rukia, hizi ni nyuzi za nini?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jua huchomozea wapi. "Za buibui langu."

"Kwani wewe waurudishia wapi mkanda?"

"Ndani ya buibui. Kwani wewe ulidhani wapi?"

Mimi nilidhani mezani! Miaka yote hiyo nimeitengeneza kamera ya mwanamke yule, nikaijua kila skrubu, na sikuwahi kuuliza anaishikaje, kwa sababu anakofanyia kazi siwezi kuingia. Kasamali naye hakuwahi kuingia. Hapana fundi wa kiume anayeweza kujua. Lakini kuuliza kungewezekana.

Nikamuuliza basi. Akacheka kwanza, kisha akaeleza. Wenziwe wote huvua mabuibui, yeye hubaki na lake, lile pana la kizamani, ndilo vazi lake la kazi. Kamera ikiwa nje, kina mama wanajua wanapigwa, wanakaa sawa, wanatengeneza shingo. Mkanda ukiisha, anaiingiza kamera ndani ya buibui na kuurudisha humo humo. "Wakiona imeingia, wanajua jicho limefumba. Ndipo wanajiachia, wakacheza wapendavyo. Ni amana hiyo, Kazungu. Nikiitoa nje kurudisha mkanda, hawatajua kama napiga au sipigi, na ngoma itapoa."

"Na unajuaje mkanda umefika mwisho? Ngoma na vigelegele vile, huusikii mlio."

"Nausikia kwa vidole. Unavutika kidogo, halafu unalegea. Hapo naacha, ule ulimi wake ubaki nje ya kikopo, niushike vizuri nikienda kuusafisha."

Sijapata kusifu kazi ya mtu kama nilivyoisifu ile moyoni mwangu. Hana mwanga, hasikii, hatazami, na yuwajua mkanda umefika wapi kwa kuvutika kwake tu.

Nikamwomba anioneshe. Akaketi kwenye benchi la wateja, akaiingiza kamera ndani, na nikaona kitambaa kikitikisika. Sikuona lingine. Kwa hiyo alipoondoka nikafunga mlango, nikachukua shuka la kikoi, nikajifunika mikono pamoja na kamera nyingine nzee, nikafumba macho na kurudisha mkanda ulioharibika. Nikautia tena, nikaurudisha tena. Jirani mmoja aliyechungulia dirishani akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia najifunza kazi. Akasema nimechelewa.

Chini ya shuka mambo yalikuwa wazi. Kichwa cha kikono hakikuwa kinazunguka, kwa hiyo kilikuwa kinakivuta kitambaa na kukiviringisha kwenye shina. Kikono kikakwama, na Bi Rukia kwa kushtuka akalegeza kidole cha chini, kile kinachobonyeza kitufe kilicho chini ya kamera, kinachouachia mkanda urudi. Kitufe kikiinuka, meno huushika mkanda. Kwa kifundo cha zamani angelihisi hilo papo hapo. Lakini mkono mrefu, ule niliousifu kwa kuwa unasukumwa na kidole kimoja, una nguvu mno. Unapita juu ya kila kizuizi bila kukwambia kitu. Nilimpa nguvu nikamnyang'anya habari.

Ndipo nikamwelewa Kasamali na maneno yake ya siku ya kwanza. Yule aliyekitengeneza kikono cha Kibarani alifikiri vidole vya mtu mwingine, sio vya Bi Rukia.

Alipokuja tena nilimwomba mikono yake yote miwili juu ya meza. Akasitasita, akaizungushia mtandio, akaiweka. Nikakata ukanda wa karatasi, nikampa mwenyewe apime upana ambao vidole vyake vinaweza kuzunguka bila maumivu. Akatia alama kwa ukucha. Ilikuwa nusu ya urefu wa kile kikono changu cha fahari.

"Hicho kichwa chako nacho kina ncha," akasema, akigusa kichwa cha kikono. "Kitu cha kuingia ndani ya nguo hakiwi na ncha. Hujawahi kutia kifungo cha shati?"

"Na nyuzi zisiingie kwenye shina, tuweke nini?"

Akafikiri. Kesho yake akaleta kifuniko cha shaba cha kichupa cha wanja cha mamake, kiduara kilichopinda kama kisahani. "Kichupa chenyewe kilivunjika zamani. Hiki nakiweka tu, hata sijui kwa nini."

Nikaufupisha mkono kwa msumeno na tupa, nikausugua kwa msasa mpaka kidole hakikuona pembe. Badala ya kichwa nikaweka ushanga mmoja wa mpingo unaozunguka wenyewe kwenye pini, kitambaa kikiugusa unateleza. Kile kifuniko cha wanja nikakigeuza juu chini kikafunika shina. Ngozi ndani ya pete kama kawaida. Kifundo cha kamera sikukigusa kwa chuma. Nikajifunika shuka, nikafumba macho, nikazungusha. Na kwa mara ya kwanza nikahisi alichokuwa akikisema: kuvutika kidogo, halafu ulegevu, kama mtu aliyekuwa amekushika mkono kisha akakuachia.

Bi Rukia alikijaribu ndani ya buibui, palepale benchini. Alizungusha mpaka mkanda ukaisha. Kisha akasema, "Kinasema." Akaenda zake.

Siku ya harusi nilisikia vigelegele kutoka mtaa wa tatu, nikakaa ndani kama baba anayesubiri nje ya chumba cha mzazi. Nilipata kujaribu kila aina ya kazi nikaikimbia, lakini siku ile sikuwa na hamu ya kwenda popote. Niliwaza mkanda wa kwanza umekwisha, sasa kamera imeingia ndani, sasa kina mama wanacheza. Nikasikiliza kama ngoma itapoa. Kila ilipopungua niliinuka kitini, kumbe wanabadilisha wimbo tu.

Siku kadhaa zikapita. Nilikuwa nimeshaanza kuziweka zana sandukuni, maana macho yangu yalikuwa yananiaga, alipopiga hodi. Safari hii salamu zilikuwa nyingi. Aliniuliza afya, akaniulizia watu wa Kaloleni mmoja mmoja, mpaka nikaona ananitesa makusudi.

"Bi Rukia, hebu niambie!"

"Nikwambie nini? Mkanda wao nimeshawapa. Mamake bibi harusi ameufungia kabatini." Akafungua mkoba, akatoa kipande cha mkanda kilichokatwa kwa mkasi, akakilaza mezani. "Hii ndiyo sehemu yako."

Nikakiinua dirishani. Ulikuwa ule ulimi wa mwanzo, uliopigwa mwanga wote wakati wa kutia mkanda, umetoka mweusi tii baada ya kusafishwa.

"Sioni mtu humu."

"Ndiyo yako hiyo. Huko kwingine wote ni wanawake."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Nami nikakishika kile kipande karibu na macho, nikapitisha ukucha pembeni mwake, tundu kwa tundu, hadi mwisho. Haukukwama popote.